Mgunga wa Kaaka Ndani ya Dumu

Ilianza Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Mama, nikijifanya nasoma ujumbe ili wale watu wa chenso, msumeno wa injini, wasinisemeshe. Mimi ndivyo nilivyo. Nikiona mgeni anakuja njiani naweza kuinama nikafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Chenso ilinguruma, ikakohoa, ikanguruma tena, na mgunga wetu ukaanza kukatwa. Ulikuwa umesimama peke yake kule juu, pale kibanja chetu cha migomba na kahawa kinapoishia na malisho yanapoanza. Kiswahili cha shule kinauita mgunga. Sisi nyumbani tunauita omunyinya. Juu ulikuwa bapa, kama kuna mtu aliyekuwa anaulalia kila siku. Mingine ya aina yake ilishakwisha mlimani kwetu kwa mkaa na kwa matofali, ukabaki huo. Baba alikuwa ameomba kibali akapewa, na kuni zake zilikuwa za kuchomea matofali ya chumba cha Kaaka.

Kaaka ni bibi yangu, mama yake Baba. Ana presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa ya matone. Kilichobaki ni kidogo: anaona mwanga, na anaona kitu cheusi kikisimama mbele ya mwanga. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni akiangalia kule jua linakotokea, na kitu pekee alichoweza kukiona bila kuelekezwa na mtu ni ule mti. Sisi watu alitujua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu. Mti aliuona.

Wala hakuna aliyemwonea. Baba alimuuliza kwanza, mimi nikiwa hapohapo namenya ndizi.

"Mama, kile chumba chako cha udongo kitakuangukia siku moja. Na mimi kuni za kununua sina."

"Kata," Kaaka akasema. "Mti si mtu."

Ulipoanguka, ardhi ilitikisika mpaka kuku wakakimbilia migombani. Kaaka alikuwa kwenye kigoda chake. Aligeuza uso huku, akageuza kule, kama mtu anayetafuta mahali sauti ilipo. Halafu akaniuliza:

"Mbona kumekuwa kweupe hivyo?"

Akanyanyuka, akabeba kigoda chake mwenyewe, akaingia jikoni. Kesho yake hakutoka. Keshokutwa hakutoka. Alikuwa anakaa na moto, mgongo kwa mlango, na Mama akimwambia atoke apate jua anasema, "Nitoke nikaangalie nini?" Baba akisikia hivyo alikuwa anaenda zake kwenye matofali, anapanga na kupangua yale yaliyokwisha kupangwa vizuri.

Lakini narudi kwenye Jumamosi ile. Wenye chenso walipokaa kunywa uji, mimi nilipanda nikaenda kwenye kile kilele kilicholala chini. Maisha yangu yote nilikuwa nakiangalia kwa mbali, na sasa kilikuwa mbele ya magoti yangu. Ilikuwa ajabu. Miiba mirefu myeupe, kiota cha ndege kilichopasuka, sisimizi wakikimbia bila kujua pa kwenda, na maganda ya mbegu, manene, magumu kama mbao, yana harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Kama ngozi ya ng'ombe iliyopakwa asali. Nilichuma yote niliyoweza kufikia, nikayafunga kwenye kanga. Mengi yalikuwa yameshaanguka siku za nyuma na kuliwa na mbuzi wanaopita pale.

Kwa nini nilichuma? Kwa sababu ya kitu nilichokuwa nimekiona mjini Omurushaka.

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemsindikiza Baba huko kupeleka kahawa. Tukapita kwenye nyumba ya wageni, Baba amsalimie mtu. Pale mapokezi, juu ya meza, kulikuwa na mti ndani ya sahani. Si ua. Mti. Una shina lililozeeka, lina magamba na makovu, una matawi yamekwenda pembeni, na wote kwa pamoja haukufika urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kiwiko. Niliuangalia mpaka dada wa mapokezi akanicheka.

"Hujawahi kuona bonsai?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na maswali mengi sana: unakula nini, una umri gani, nani aliukataza kukua. Sikuuliza hata moja. Nilirudi nayo yote nyumbani, kwenye basi, nimeyabana mdomoni kama maji ya kusukutua.

Baadaye nilisoma kwenye simu ya Mama, kila aliponiazima. Nikaelewa kwamba hakuna mbegu ya bonsai. Mbegu ni ya mti wowote wa kawaida. Mti unapandwa kwenye chombo kifupi, mizizi inapunguzwa, matawi yanapunguzwa, na unaishi hivyohivyo miaka na miaka, mdogo lakini mzee. Na ile picha waliyoweka juu kabisa ilikuwa ya mti wenye kilele bapa. Niliiangalia nikasema kimoyomoyo, huo si munyinya huo?

Kwa hiyo nilipomwona Kaaka amegeuzia mlango mgongo, nilijua ninachokitaka. Kama mti mkubwa wa mbali haupo, apate mdogo wa karibu. Na uwe mtoto wa uleule, siyo mwingine.

Jumapili baada ya kanisa nilipasua maganda kwa jiwe. Mbegu zilikuwa za rangi ya zeituni, ngumu, na kila moja ubavuni ina alama imepinda kama ukwato wa ng'ombe. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Nilifurahi sana, nikaona nina mbegu za kupanda msitu mzima. Halafu nikaishika moja nikaona ina tundu. Nikashika nyingine, tundu. Nikaiweka ya tatu kwenye kiganja, akatoka mdudu mdogo, wa kijivu, amejikunja, akatembea taratibu kwenye mstari wa mkono wangu kama mwenye nyumba. Walikuwa wamezaliwa mle ndani na wamekula mle ndani. Karibu mbegu zote zilikuwa nyumba za wadudu. Nzima zilizobaki hazikujaza hata kizibo cha soda.

Nilikwenda nazo jikoni nikazimimina kwenye kiganja cha Kaaka. Kwa Kaaka sioni aibu. Labda kwa sababu hanioni nikiwa nazungumza.

"Nini hizi? Kahawa?"

"Mbegu za munyinya, Kaaka. Ule wetu. Nataka niuoteshe kwenye chombo, nikuwekee hapa miguuni."

Akazipikicha. "Mti miguuni. Ili ninywee nao uji?"

"Utaushika. Utakuwa mdogo, hautakua."

"Mti usiokua ni mgonjwa huo."

"Siyo mgonjwa. Unazuiwa tu."

"Kama babu yako alivyonizuia kwenda Bukoba," akasema, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mti uanguke, nami nikajua lazima hizi mbegu ziote. Sikuwa na mbegu nyingine, na mti wenyewe ulikuwa umeshakatwa magogo.

Simu ilisema mbegu za aina hii zina ngozi isiyopitisha maji. Uzimwagie maji ya moto, uache mpaka asubuhi, zikivimba upande. Nikachemsha maji, nikaepua, nikasubiri kidogo, nikazimwagia kwenye kikombe cha bati. Asubuhi zikawa hazijavimba hata moja. Nikafikiri nizipe siku nyingine. Nikamwambia Kaaka, "Nimeziweka kwenye maji ya moto, usizimwage," nikakimbia shule.

Sasa, Kaaka ni mtaalamu wa kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni akiingia, kabla ya chochote anapewa punje za kahawa atafune. Kahawa hiyo huchumwa mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaa motoni muda mrefu, kisha huanikwa mpaka ikauke. Kahawa ya Kaaka watu wanatoka mbali kuja kuitafuna. Yeye alipoingiza kidole kwenye kikombe changu akakuta maji yamepoa, aliionea huruma kazi yangu. Mtoto amesema maji ya moto, na haya si ya moto. Akazimimina kwenye chungu chake. Akaongeza majani. Akakoleza moto.

Niliporudi mchana nilisikia harufu nzuri tangu kwenye kona ya njia.

"Kaaka, mbegu zangu ziko wapi?"

"Zimeiva," akasema kwa furaha. "Nimezianika."

Nilizikuta kwenye mkeka, kati ya kahawa, zinang'aa. Zilikuwa zimevimba vizuri kabisa, laini, nzuri kuliko picha ya kwenye simu. Nikaminya moja. Ndani ilikuwa imepikika kama kunde.

Nilikaa chini. Sikutaka kulia mbele yake, halafu nikakumbuka kwamba hanioni, nikalia. Lakini Kaaka anasikia pumzi.

"Nini tena?"

"Zimekufa. Umezipika, Kaaka."

"Ulisema maji ya moto."

"Ya kumwagia! Siyo ya kupikia!"

"Maji ya moto ni maji ya moto," akasema. "Mbegu ya Mungu haifi kwa maji. Leta kopo."

Akanilazimisha kuleta kopo la maziwa, nikalitia udongo, akazipanda kwa mikono yake mwenyewe zile zilizochemshwa, akilipapasa kopo kwa vidole ili zisikaribiane. Tangu siku hiyo alikuwa anazimwagilia asubuhi na jioni. Kila mtu nyumbani alijua hazitaota. Baba aliniambia pembeni, "Usimkatishe tamaa." Lakini mimi ndiye niliyekuwa nasikia swali: "Zimechomoza?" Nikisema bado, anasema, "Kahawa nayo huchelewa." Na mimi nikawaza: siku atakapochoka kuuliza itakuwaje?

Nafasi ilitokea kwa mama wa mbuzi. Huyu ni jirani yetu, ana mbuzi wengi na sauti inayofika kwetu kabla yake. Mimi ananiita bubu. Alikuja jioni kuomba moto, akakaa, na Kaaka akampa kahawa. Mle kwenye kahawa kulikuwa kumebaki mbegu yangu moja, ngumu, ambayo hata kuchemka ilikuwa imekataa. Mama wa mbuzi akaitia mdomoni, akauma, tukasikia *ka!*

"Mama wee! Jino langu!" Akatema kiganjani, akaisogeza kwenye mwanga wa moto. "Hii kahawa gani ya mawe? Mnataka kuniua kwa deni gani?"

"Ni ya mjukuu wangu huyo," Kaaka akasema. "Anapanda miti ya kwenye sahani."

Mama wa mbuzi akanigeukia. "Bubu! Wewe? Ndiyo maana husemi, kumbe una mambo." Akaigeuza mbegu. "Hii si ya munyinya? Hizi mbuzi wangu wananya kila siku. Nikifagia banda ziko tele."

Akaendelea na habari za jino. Mimi sikusikia tena. Mbuzi wake walikuwa wakilala chini ya mgunga wetu kila mchana wa kiangazi. Yale maganda niliyoyakosa, wao waliyapata.

Lakini ili nizipate mbegu zake ilibidi niende kwake, nisimame, nifungue mdomo, niseme nataka mavi ya mbuzi. Siku nzima shuleni nilijipanga. Nilifanya mazoezi ya sentensi njiani, nikiwaambia migomba. Nilipofika, alikuwa anafunga kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bubu. Leo umetoka na sauti!"

"Naomba... naomba mavi."

Alinitazama.

"Mavi ya nani?"

"Ya mbuzi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Akamwita mume wake aje asikie. Akasema watu huja kumwomba maziwa, huja kumwomba beberu, hajawahi kuombwa hicho. Halafu akanipa jembe la kukwangulia na gunia. "Chukua yote, mwanangu. Na kesho uje tena."

Nikayabeba nyumbani, nikakaa nayo nyuma ya jiko, nikaanza kuvunja kidonge kimoja kimoja. Nitasema kweli, sikuona kinyaa, niliona kama nafungua zawadi. Vidonge vingi vilikuwa na nyasi tu. Lakini mara moja moja, katikati, mbegu: ileile rangi ya zeituni, ileile alama ya ukwato ubavuni. Na zilikuwa zimepoteza mng'ao. Ngozi yake imechakaa, kama ya kiatu kilichovaliwa. Nikafikiri: kile ambacho maji yangu hayakuweza, na chungu cha Kaaka kilipitiliza, tumbo la mbuzi limefanya kwa kipimo. Na wale wadudu? Nyingi hazikuwa na matundu. Labda mbuzi alikula maganda mapema, kabla mdudu hajakua. Niliandika maswali haya ili nimuulize mwalimu wa baiolojia. Bado sijamuuliza.

Nilizipanda kwenye kitako cha dumu la mafuta ya kula, nililolikata kwa kisu nikalitoboa kwa msumari wa moto. Mwanzoni nilifinyanga sahani ya udongo, Baba akaniruhusu kuiingiza kwenye tanuru pamoja na matofali, ikatoka vipande vitatu. Basi dumu likatosha. Nilichanganya mchanga, udongo wa kwenye kahawa, na hayohayo mavi yaliyosagika.

"Lako na langu," Kaaka akasema nilipomwambia. "Tuone."

Yakawa mashindano. Kopo lake liko kushoto mwa mlango wa jiko, dumu langu kulia. Kila asubuhi alikuwa anatoka, siyo kukaa, kuja tu kupapasa. Anagusa udongo wa kopo lake kwa ncha ya kidole, halafu anahamia kwangu. "Kwako kukavu. Unataka kuzikausha?" Mama akamwambia Baba jikoni, nikasikia, "Angalau anafika mlangoni." Nami nilikuwa naogopa zaidi. Sasa hata dumu langu lisipoota, tutakuwa tumemtoa nje kwa ajili ya udongo mtupu.

Aliyegundua ni yeye. Nilikuwa napiga mswaki.

"Wewe mtoto! Njoo uangalie hiki, ni kijiti au nini?"

Nilikimbia na povu mdomoni. Chini ya kidole chake kulikuwa na kitu kimepinda kama sindano iliyokunjwa, kinasukuma udongo wa dumu langu.

"Usikiguse, Kaaka! Usikiguse!"

"Sijakigusa, kimenigusa."

Miche ilitoka mitatu, kwa siku tofauti. Kwanza majani mawili manene, ya duara, kama masikio. Kisha jani lenyewe, lile la vipande vidogo vidogo kama kitana. Mmoja ulidonolewa na kuku nikiwa naangalia, kabla sijanyanyua fimbo. Tangu hapo kila nikitoka shule, jua likiwa bado lipo, nikawa nafunika dumu kwa tenga, nalifunua asubuhi jua likishapanda, na mchana Kaaka akawa anawasikilizia kuku kutoka jikoni. Wa pili uliozea shingoni, ukalala. Nafikiri nilimwagilia mno, kwa sababu ya ile "kwako kukavu". Ukabaki mmoja.

Kopo la Kaaka halikutoa kitu. Siku moja nilikuta amelimwaga kwenye shina la mgomba, amelisuuza, amelirudisha kabatini.

Sasa tatizo. Nilikuwa nimesoma kwamba mche ukishakuwa na majani machache, lazima ung'olewe, mzizi ule mrefu wa katikati ukatwe, ndipo mizizi ya pembeni itawanyike na mti ukubali kukaa kwenye chombo kifupi. Mgunga ndio wenye mzizi wa kukimbia chini kuliko miti yote. Nilipochungulia kwenye matundu ya dumu niliukuta, mweupe, umeshatoka nje, unatafuta ardhi.

Nilimweleza Kaaka. Akakunja uso.

"Mche wa kahawa uliokatika mzizi mkuu tunautupa. Hata mtoto anajua. Ukikata, unaua."

"Wameandika haufi."

"Nani? Wamewahi kuja hapa?"

"Nikiacha, dumu halitautosha. Itabidi nikaupande kule juu."

"Basi ukaupande kule juu."

"Nitaupanda," nikasema. "Utakua. Utaufikia ule wa zamani nikiwa mama mtu mzima."

Baba alikuwa pale ukutani mwa chumba kipya, anajaza udongo kati ya matofali, akaacha kupiga mwiko.

"Miaka ishirini," Kaaka akasema.

"Labda."

"Mimi miaka ishirini ya kungoja natoa wapi?" Akanyoosha mkono, akanipapasa mpaka akanishika kifundo cha mkono. "Kata. Lakini mimi nishike mche. Mkono wako unatetemeka hata ukiandika, mama yako aliniambia."

Tukafanya hivyo Jumapili mchana, kwenye kivuli cha ukuta mpya. Niliumwagilia, nikaulegeza kwa kijiko, ukatoka wote. Mzizi ulikuwa mrefu kuliko mti wenyewe mara nyingi, nilishangaa: kumbe ulichokuwa unakifanya usiku na mchana ni kushuka, huku sisi tunangoja upande juu. Kaaka aliushika shingoni kwa vidole viwili, kama anavyoshika uzi wa sindano. Nilikuwa na wembe mpya.

"Umeshakata?"

"Bado."

"Kata, mwanangu, vidole vinachoka."

Nikakata. Ilikuwa laini sana. Kipande kilichoanguka kilikuwa kama uzi wa tambi. Nikaurudisha mche kwenye udongo, nikaupa maji kidogo, nikaufunika kwa tenga mapema ili jua lisiukaushe. Baba alikuja akasimama juu yetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Utapona?" Kaaka akamjibu, "Muulize daktari wako," akinionyesha mimi kwa kidevu.

Baada ya chakula cha usiku sikuweza kutulia. Nikachukua tochi ya simu, nikatoka, nikainua tenga. Majani yalikuwa yamefunga. Vile vipande vyote vya kitana vilikuwa vimejikunja, kimoja juu ya kingine, na jani zima limelegea kuelekea chini. Sikuwa nimewahi kuufunua giza likiwa limeingia, lakini mchana wake wote niliujua, na haukuwahi kuwa hivyo. Nikaona Kaaka alisema kweli, nimeua. Wa mwisho. Nilirudisha tenga taratibu, kama unavyorudisha shuka juu ya mtu. Ndani Kaaka aliniuliza kutoka kitandani kwake, "Unaendeleaje?"

"Tutaona asubuhi," nikasema. Sikulala vizuri.

Asubuhi niliamka kabla ya Mama kuwasha moto. Sikufunua mara moja. Nilifagia uwanja kwanza, mpaka ule upande ambao si zamu yangu. Jua lilipogusa ukuta nikachuchumaa, nikainua tenga. Majani yalikuwa wazi, yote, yamenyooka kuelekea mwanga. Nilidhani macho yananidanganya, nikafunika, nikafunua tena. Wazi. Kumbe ulikuwa umelala tu. Kumbe miti hii hulala, na mimi miaka yote nimepita chini ya ule mkubwa usiku bila kuinua kichwa kuangalia.

Kaaka alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu.

"Upesi, sema."

"Mzima, Kaaka. Kaa hapa."

Nilimletea kigoda, akakaa, uso kwa jua. Nikanyanyua dumu kwa mikono miwili nikaliweka mbele ya uso wake, juu kidogo, mche ukae katikati ya mwanga. Akafinya macho.

"Sioni."

Nikasogeza karibu.

"Sioni, ni jua tu."

Nikasogeza mpaka pua yake ikakaribia majani. Kichwa chake kikasogea kidogo kushoto, kikarudi kulia, kikasimama.

"Kuna uzi," akasema. "Mweusi. Umesimama."

"Na juu ya uzi?"

"Juu kuna kama inzi."

"Hayo ndiyo majani."

"Basi inzi mzuri." Akashika mikono yangu kwa mikono yake ili isitetemeke. "Usishushe kwanza."

Sikushusha. Mama aliniita mara mbili kwamba nachelewa shule, mara ya tatu akaja mwenyewe, akatuona, akarudi ndani. Mikono ilipoanza kuuma kabisa, nilichukua matofali yaliyobaki ya chumba, nikayapanga kufikia usawa wa macho yake mbele ya kigoda, nikaongeza moja, nikapima, nikaondoa, nikaongeza nusu tofali, yeye akiniambia, "Juu. Chini kidogo. Hapo." Nikaweka dumu pale, nikanawa mikono, nikaenda shule.